Kete Zisizotoka Ubaoni: Kompyuta, Drafti na Bao katika Mpaka wa Songwe

Mtu anaposema kwamba kompyuta imeuweza mchezo fulani, kauli yake huweza kubeba madai mawili yasiyolingana uzito. Dai la kwanza ni kwamba programu imemshinda mchezaji hodari kuliko wote, jambo linaloonekana katika mashindano na ambalo linaweza kutenguliwa na mashindano mengine. Dai la pili ni kwamba mchezo wenyewe umetatuliwa, yaani imethibitishwa, kwa hoja isiyoacha tundu, matokeo yatakayopatikana endapo wachezaji wote wawili hawatakosea hata mara moja: ama anayeanza atashinda, ama atashindwa, ama watatoka sare. Tarehe 11 Mei 1997 mashine ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimaliza pambano la michezo sita dhidi ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, na tangu hapo watu wengi wameihesabu sataranji kuwa imekwisha mbele ya mashine. Lakini hadi leo hakuna aliyethibitisha kama mwenye kete nyeupe anapaswa kushinda au kutoka sare. Drafti, inayoitwa pia dama, imetatuliwa tangu mwaka 2007 ingawa haina hadhi ya sataranji machoni pa wengi. Bao, linalochezwa kuanzia visiwa vya pwani ya Uswahilini hadi ndani ya Malawi, halijatatuliwa, na uzito wa hesabu yake si sababu pekee ya jambo hilo.

Sababu hizo huonekana vizuri zikitazamwa kutoka Kasumulu, mji wa mpakani wilayani Kyela, ambako barabara itokayo Mbeya kupitia Tukuyu huteremka hadi kwenye Mto Songwe na kuvuka kuingia Karonga nchini Malawi. Nyuma ya mji huo, kuelekea bara na pwani ya Tanzania, ni nchi ya bao la Kiswahili, ambalo kanuni zake nzito zaidi zinahusishwa na Zanzibar. Mbele yake, ng'ambo ya mto, ni nchi ya bawo, ndugu wa karibu wa bao hilo, linalochezwa na Wamalawi kwa mapenzi yaleyale. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni watu wa usemi unaokaribiana sana, na maingiliano yao ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe, kwa hiyo hapo mpakani si pembezoni mwa mchezo huu bali ni mahali ambapo matawi yake mawili makubwa yanaungana. Yeyote atakayetaka kuifundisha kompyuta kucheza bao itambidi kwanza ajibu swali ambalo katika mji kama huo haliwezi kuepukwa: bao lipi, na kwa kanuni za nani?

Mwaka 1913 yalitoka maandishi mawili yasiyohusiana ambayo, yakisomwa pamoja, yanabeba suala zima. Mwanahisabati Ernst Zermelo alichapisha makala fupi kuhusu nadharia ya sataranji, akionyesha kwamba katika mchezo wa watu wawili usio na bahati nasibu wala siri, ambamo kila hatua iko wazi kwa wote, lazima moja kati ya mambo matatu liwe kweli tangu kabla ya kete ya kwanza kuguswa: mmoja anaweza kulazimisha ushindi, au mwingine anaweza, au kila mmoja anaweza kujihakikishia walau sare. Mwaka huohuo M. G. Sanderson, aliyekuwa Nyasaland, yaani Malawi ya sasa, alichapisha katika jarida la taasisi ya kianthropolojia ya Uingereza maelezo ya michezo ya wenyeji wa Afrika ya Kati, ikiwemo ile ya jamii ya bao. Hoja ya Zermelo inaligusa bao sawasawa na inavyoigusa sataranji, kwa kuwa ndani ya bao hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Tofauti ni kwamba kanuni za sataranji zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kukubaliwa kwa upana, ilhali kanuni za bao zilikuwa zimeanza tu kuingia katika vitabu, tena kwa mkono wa mgeni aliyeandika alichoonyeshwa mahali alipokuwa.

Zermelo alisema jibu lipo bila kusema ni lipi, na safari yote ya kompyuta tangu hapo imekuwa ya kulitafuta au ya kuishi bila kulijua. Njia ya msingi ni kuuchora mchezo kama mti: hali ya mwanzo ni shina, kila hatua inayoruhusiwa ni tawi, kila jibu la mpinzani ni tawi la tawi hilo, na majani ni hali ambazo mchezo umekwisha na mshindi anajulikana. Thamani ya kila hali hupatikana kwa kutoka kwenye majani na kurudi shinani, mchezaji mmoja akichukua daima tawi lenye thamani kubwa zaidi kwake na mpinzani wake akichukua lile linalomuumiza zaidi mwenzake, kanuni ambayo John von Neumann aliiwekea msingi wa kihisabati mwaka 1928. Mwaka 1950 Claude Shannon alieleza jinsi mashine inavyoweza kuifuata kanuni hiyo katika sataranji, akakiri kwamba mti wote hauwezi kupitiwa, na akapendekeza kwamba mashine iishie kwenye kina fulani na hapo ikadirie ubora wa hali kwa kipimo kilichoandaliwa, kwa mfano kwa kuhesabu kete na kupima nafasi zake. Baadaye iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya mti inaweza kukatwa bila kubadili jibu, kwa sababu pindi inapothibitika kwamba hatua fulani ina jibu baya la kutosha, hakuna haja ya kujua kama yapo majibu mabaya zaidi. Ukataji huo wa matawi ndio uliowezesha Deep Blue, iliyokuwa ikipima takriban hali milioni 200 kwa sekunde, kuona mbali kuliko mtu.

Kipimo cha kukadiria, hata kikiwa kizuri namna gani, ni makadirio tu, na hapo ndipo njia ya kushinda na njia ya kutatua zinapoachana. Mwaka 1994 Victor Allis, katika tasnifu yake iliyoandikwa Maastricht nchini Uholanzi, alitenganisha ngazi tatu za utatuzi ambazo zimeendelea kutumiwa: ya chini kabisa, ambapo matokeo ya mchezo mkamilifu yanajulikana lakini namna ya kuyafikia haijulikani, ya kati, ambapo inajulikana pia namna ya kuyafikia kuanzia hali ya mwanzo, na ya juu, ambapo jibu sahihi linajulikana katika kila hali inayoweza kutokea, hata ile iliyozaliwa na makosa. Mgawanyo huu si wa kitaaluma tu. Mchezo uliotatuliwa kwa ngazi ya kati unaweza kuiacha mashine bila jibu pale mchezaji dhaifu anapoipeleka katika kona ambayo wachezaji wakamilifu wasingefika.

Drafti ndiyo mfano bora wa utatuzi wa ngazi ya kati, na ni kazi iliyofanywa kwa subira ya kupigiwa mfano. Arthur Samuel wa IBM alikuwa ameandika mwaka 1959 kuhusu programu ya drafti iliyojirekebisha yenyewe kutokana na michezo iliyoicheza, lakini aliyeuchukua mchezo huo kama swali la kumalizwa ni Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, aliyeanzisha programu ya Chinook mwaka 1989. Mwaka 1992 Chinook ilikutana na Marion Tinsley, mchezaji aliyekuwa amepoteza michezo michache mno kwa muda wa miongo kadhaa, naye akaishinda kwa michezo minne dhidi ya miwili, huku 33 ikiisha kwa sare. Waliporudiana mwaka 1994, michezo sita ya mwanzo ilitoka sare, kisha Tinsley akajitoa kwa ugonjwa, na akafariki mwaka uliofuata. Ubingwa ambao Chinook iliupata kwa njia hiyo haukumtosheleza Schaeffer, kwa kuwa swali la nani hodari lilikuwa limezikwa pamoja na mtu pekee aliyeweza kulijibu, na kilichobaki ni kuutatua mchezo wenyewe ili pasiwe na haja ya kuuliza tena.

Njia iliyotumika inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayokwama mbele ya bao. Kikundi cha Alberta kilianza mwishoni mwa mchezo badala ya mwanzoni. Kilichukua hali zote zenye kete chache sana ubaoni, ambazo matokeo yake ni rahisi kujulikana, kisha kikarudi nyuma hatua kwa hatua, kikiongeza kete moja baada ya nyingine, kila kundi jipya likitegemea majibu ya kundi lililotangulia, hadi kikawa na hazina ya majibu sahihi ya hali zote zenye kete kumi au pungufu, jumla yake takriban trilioni 39. Wakati huohuo utafutaji wa kwenda mbele ulikuwa ukishuka kutoka hali ya mwanzo, na kwa kuwa katika drafti kuliwa kwa kete ni lazima na hakurudi nyuma, kila mstari wa mchezo hatimaye uliangukia ndani ya hazina hiyo. Hali zinazowezekana katika drafti zinakadiriwa kuwa 5 mara 10 kwa kipeo cha 20, yaani tano ikifuatwa na sifuri ishirini, lakini uthibitisho uliochapishwa mwaka 2007 ulihitaji kugusa takriban 10 kwa kipeo cha 14 tu kati ya hizo. Jibu lake ni sare: kati ya wachezaji wawili wasiokosea hakuna atakayemshinda mwenzake.

Jibu hilo lina mpaka wake, na anayecheza drafti Kasumulu au popote Tanzania anapaswa kuujua. Drafti iliyotatuliwa Alberta ni ile ya Waingereza na Wamarekani, ambayo kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, husogea na kula kwa hatua moja moja. Panapochezwa kwa kanuni ya kingi anayepita mbali kwa mshazari na kula kutoka upande wa pili wa ubao, huo ni mchezo mwingine wenye mti mwingine, na uthibitisho wa mwaka 2007 hauna neno juu yake, hata kama ubao ni uleule na vifuniko vya soda vinavyotumika kama kete ni vilevile. Badiliko la kanuni moja ambalo wachezaji wawili wanaweza kukubaliana kabla hawajaanza linatosha kubatilisha kazi ya miaka kumi na minane.

Karata zinahitaji fikra ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa sharti la Zermelo la kutokuwa na siri linavunjika pale karata zinapogawanywa. Mchezaji hajui yuko katika tawi gani la mti. Anajua tu kundi la matawi ambayo yote yanaonekana sawa kutoka alipoketi. Kwa sababu hiyo, jibu sahihi haliwezi kuwa hatua moja, kwani mchezaji anayefanya jambo lilelile kila anapokuwa na karata nzuri atasomwa na wenzake kama barua iliyofunguliwa. Linalotafutwa ni mgawanyo wa hatua, yaani mara ngapi kati ya mia kufanya hivi na mara ngapi kufanya vile, uliopimwa kiasi kwamba mpinzani hawezi kupata faida yoyote hata akiujua wote. Njia iliyoleta maendeleo makubwa, iliyoanza kutumika mwaka 2007, inajengwa juu ya majuto kama kipimo cha hesabu: programu hucheza na nafsi yake mara zisizohesabika, na katika kila uamuzi hujumlisha ni kiasi gani ingepata zaidi kama ingechagua vingine, kisha huzipa uzito mkubwa zaidi hatua ambazo kutozichagua kumezaa majuto mengi. Hatua kwa hatua, wastani wa michezo hiyo hukaribia mgawanyo usioweza kutumiwa vibaya, na ndani yake kutishia kwa karata mbovu hujitokeza kwenyewe, bila mtu kuufundisha ujanja huo, kwa sababu asiyetishia kamwe hatalipwa anapokuwa na karata nzuri.

Kwa njia hiyo kikundi kingine cha Alberta, kikiongozwa na Michael Bowling, kilitangaza Januari 2015 kwamba poka ya watu wawili yenye viwango vya dau vilivyowekwa imetatuliwa kwa vitendo, kwa maana kwamba mtu angeweza kucheza dhidi ya programu yao maisha yake yote bila kupata ushahidi kwamba kuna mchezaji bora kuliko hiyo. Mwaka 2017 programu ya Libratus, iliyotengenezwa na Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wacheza poka wanne wa kulipwa katika migawo 120,000 ya poka isiyo na kikomo cha dau, na mwaka 2019 mrithi wake, Pluribus, akafanya hivyo katika meza ya watu sita. Hata hivyo baadhi ya karata zinazopendwa katika Afrika Mashariki ni za turufu na za kucheza wawili wawili, wenzi wakikaa kukabiliana, na huko mafanikio ni madogo zaidi. Programu za michezo ya aina hiyo kwa kawaida huzigawa upya karata zisizoonekana mara nyingi, kwa namna zinazoafikiana na zilizokwisha kuchezwa, kisha huchagua hatua inayofaa katika migawo mingi kana kwamba karata zote zingekuwa wazi. Njia hiyo ina kasoro ya msingi: humfanya mchezaji adhani kwamba baadaye atajua kila kitu, na hivyo asithamini hatua ya kupeleleza wala ile ya kumpa mwenzi wake habari.

Kati ya michezo ya wazi, jamii ambayo wataalamu huiita mancala, yaani michezo ya kugawa kete katika mashimo, imepata bahati isiyo sawa. Kalah, mchezo uliobuniwa Marekani mwaka 1940 na William Julius Champion na kuuzwa kama kitu cha dukani, ulitatuliwa kwa ukubwa mbalimbali mwaka 2000 na Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, ikaonekana kwamba kwa sehemu kubwa anayeanza hushinda. Awari, kanuni mojawapo ya mchezo wa Afrika Magharibi ujulikanao pia kama oware, ulitatuliwa kwa ngazi ya juu kabisa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam: hali 889,063,398,406 zilipitiwa zote na prosesa 144 kwa saa 51, na jibu likawa sare. Mpangilio huu wa utatuzi haukufuata uzito wa michezo wala idadi ya watu wanaoicheza. Ulifuata urahisi wa hesabu, na ulifuata mahali zilipo mashine na kanuni zilizokwisha kuandikwa. Si haki kwamba mchezo wa dukani wa mwaka 1940 unajulikana hadi mwisho ilhali bao halijulikani, na inafaa kusema hivyo waziwazi.

Urahisi wa awari una siri moja, nayo ndiyo inayokosekana katika bao. Katika awari, kama katika drafti, kinacholiwa hutoka nje. Kila kete inayotoka hupunguza ubao, na uchambuzi wa kurudi nyuma hupata ngazi za kupandia: kwanza hali zote zenye kete mbili, kisha tatu, kisha nne, hadi 48. Bao lina mashimo 32 katika mistari minne ya mashimo manane, na kete 64, na katika bao kete haitoki ubaoni kamwe. Kinacholiwa kutoka mstari wa mbele wa mpinzani hupandwa upya katika upande wa mlaji, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, na kuendelea na safari. Mwanzoni mwa bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete kumi tu ubaoni, sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na kete 22 mkononi. Katika awamu ya namua kila mmoja huingiza kete moja kwa zamu, na zikiisha mkononi huanza awamu ya mtaji, ambayo kete zote 64 ziko mchezoni hadi mwisho. Namua, kwa hiyo, ina ngazi, lakini ngazi zake zinapanda kuelekea kwenye ugumu, na juu yake kuna uwanda mmoja mpana usio na daraja lolote.

Upana wa uwanda huo unaweza kuhesabiwa. Idadi ya namna za kugawa kete 64 katika mashimo 32 ni takriban 10 kwa kipeo cha 25, mara elfu ishirini ya hali zote za drafti, na ingawa nyingi kati ya hizo huenda zisitokee katika mchezo halali, hakuna njia rahisi ya kuzitenga. Mashine inayopima hali bilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka takriban milioni 317 kuzipitia mara moja tu, na kupitia mara moja hakutoshi, kwa sababu katika uwanda usio na ngazi hali huweza kurudiana na kutegemeana kwa mizunguko, na thamani zake lazima zisahihishwe tena na tena hadi zitulie. Sataranji ina hali nyingi zaidi ya hizo kwa mbali sana, lakini sataranji ina mwisho unaopungua. Hazina za majibu ya hali zake zenye kete saba au pungufu zimekwisha kukamilika, na mchezaji wa kompyuta anayefika huko hachezi tena kwa kukadiria. Bao halina pahali pa kufika kwa namna hiyo.

Ugumu wa pili uko katika kukadiria kwenyewe. Hatua moja ya sataranji hubadili miraba miwili au zaidi kidogo, kwa hiyo hali mbili zilizopakana katika mti hufanana, na kipimo kilichofaa kwa moja hukaribia kufaa kwa nyingine. Mtaji mmoja wa bao, yaani mwendo mmoja wenye kula, unaweza kupanda, kula, kupanda tena na kula tena hadi sehemu kubwa ya mashimo 32 iwe imebadilika kabla kete ya mwisho haijalala katika shimo tupu. Hesabu ya kete nayo ni shahidi asiyeaminika, kwa sababu anayeshindwa ni yule ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu, au asiyeweza kwenda, hata kama mstari wake wa nyuma umejaa. Mchezaji aliyejilimbikizia kete nyingi anaweza kuwa ndiye aliye karibu na kufungwa. Tena zipo hali ambazo mwendo mmoja unaweza kuzunguka bila kikomo, jambo lililochunguzwa na Donkers, Alex de Voogt na mwenzao, hivyo programu lazima iwekewe kikomo na kanuni lazima iseme nini kifanyike kikifikiwa. Hoja ya Zermelo ilidhani kwamba kila hatua ina mwisho wake. Bao linailazimisha ithibitishe hata hilo.

Kazi ya kompyuta juu ya bao imefanywa zaidi Maastricht, ambako Donkers na Uiterwijk waliandika mwaka 2002 kuhusu kuliandikia programu, na Donkers akalitumia katika tasnifu yake ya mwaka 2003 kupima njia ya utafutaji inayomwekea mpinzani picha ya udhaifu wake badala ya kudhani kwamba hakosei. Chaguo hilo la mchezo lilikuwa la busara, kwa kuwa katika bao hata bingwa hawezi kufuata kila mtaji mrefu hadi mwisho, na anayejua mwenzake huishia kuona wapi hushinda kwa kumsukuma nje kidogo ya hapo. De Voogt alikuwa ametangulia kuonyesha, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, jinsi mabingwa wa bao wa Zanzibar wanavyohesabu mitaji kwa kichwa, na utafiti huo ni ushahidi kwamba ujuzi wa bao ni ujuzi wa hesabu ya hali ya juu uliojengwa bila kalamu. Programu zilizotokana na kazi hizi zinacheza. Hazijatatua, wala hazikudai kutatua.

Tangu mwaka 2017 imekuwepo njia ya tatu. Programu ya AlphaGo ya kampuni ya DeepMind ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini kwa michezo minne dhidi ya mmoja Machi 2016 katika mchezo wa Go, ambao ulikuwa umezishinda njia za zamani kwa kukosa kipimo cha kukadiria. Mwaka uliofuata AlphaZero ilijifunza Go, sataranji na sataranji ya Kijapani kwa kucheza na nafsi yake tu, bila kupewa mchezo hata mmoja wa binadamu, ikajijengea kipimo chake yenyewe ndani ya mtandao wa hesabu. Kwa njia hii ugumu wa kukadiria unaozuia bao unaweza kupungua sana, kwa kuwa mtandao unaojifunza kutokana na mamilioni ya mitaji huenda ukaona katika nyumba na vichwa vya ubao ishara ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika. Inahitaji kitu kimoja tu kutoka kwa binadamu, nacho ni kanuni kamili, zisizoacha hali hata moja bila jibu.

Hapo ndipo mpaka wa Songwe unapoingia tena katika hesabu. Kompyuta haiwezi kuamua, kama wachezaji wanavyoamua kwa kuangaliana, kama kete ya nyumba iendelee na safari au ilale, au kama mtaji wa zaidi ya kete kumi na tano unaruhusiwa kula. Kanuni ya takasia, kwa mfano, husema kwamba mchezaji asiyeweza kula anapotakata, yaani anapopanda bila kula, na kuacha shimo moja tu la mpinzani likiwa hatarini, naye mpinzani hana cha kula, basi shimo hilo limetakasiwa na mpinzani haruhusiwi kuanza mwendo kutoka humo, isipokuwa liwe nyumba, au liwe shimo pekee lenye kete katika mstari wake wa mbele, au pekee lenye kete zaidi ya moja. Kanuni kama hiyo huifanya hali ya mchezo itegemee hatua iliyotangulia, na kwa programu ubao peke yake hautoshi tena kueleza hali. Panapochezwa bila takasia, au panapochezwa bao la kujifunza linaloanza na kete mbili katika kila shimo bila namua wala nyumba, mti ni mwingine. Mradi wa Ludii wa Maastricht, ulioendeshwa kati ya mwaka 2018 na 2023, umeandika kwa lugha ya kompyuta kanuni za michezo ya jadi zaidi ya elfu moja, na ni kazi ya thamani kubwa. Lakini kanuni zinazotoka katika vitabu vya wageni zitabaki na mapengo ya vitabu hivyo mpaka wachezaji wenyewe, wa Kyela na wa Karonga wakiwemo, waandike kwa pamoja tofauti zao, shimo kwa shimo, pamoja na hukumu wanazotoa pale ugomvi unapozuka.

Kazi hiyo ya kuandika inaweza kuzaa utatuzi wa kweli mapema kuliko inavyodhaniwa, endapo itaanza na bao dogo. Ubao wa mistari minne ya mashimo manne ungekuwa mdogo kupita kiasi, kwa kuwa kila shimo la mbele lingekuwa kichwa au kimbi, yaani shimo lililo jirani na kichwa, na mlaji asingekuwa na hiari ya kuchagua upande wa kupanda, hiari ambayo ni moyo wa bao. Mistari minne ya mashimo sita huacha mashimo mawili ya katikati yenye hiari hiyo. Zikiwekwa humo kete 24, mbili mbili katika mstari wa mbele na mstari wa nyuma ukiwa mtupu, namna zote za kuzigawa ni takriban trilioni 16, pungufu ya nusu ya hazina ya kete kumi iliyojengwa kwa ajili ya Chinook. Kila hali ikihitaji biti mbili za kumbukumbu, kwa kushinda, kushindwa au mzunguko usiokwisha, jumla yake ni terabaiti nne, ambazo huingia katika diski moja ya dukani, na kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, saa chache kwa basi kutoka Kasumulu. Takasia ikibakishwa, alama ya shimo lililotakasiwa itaongeza ukubwa huo mara kadhaa bila kuufanya usiwezekane. Matokeo hayatasema nani anashinda katika bao la kete 64, lakini yatajibu kwa uthibitisho swali ambalo kalah, awari na drafti haziwezi kulijibu, nalo ni kama kuanza ni faida katika mchezo ambao kinacholiwa hakitoki.